Siku kumi na Shiva huku Tamil Nadu, wakati Mama anasubiri majibu

Hii nimeiandika kutoka kwenye voisi nilizokuwa namtumia Mama kila usiku. Mama alifanyiwa operesheni ya goita hapa Chennai, mji mkuu wa jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, akakatazwa kuongea sana, na daktari akasema majibu ya kile walichokitoa shingoni yatachukua kama siku kumi hivi. Mama mdogo ndo alikuwa anamhudumia, mi nikawa nashinda koridoni naangalia saa tu, hadi siku moja Mama akachukua peni akaandika kwenye karatasi, mwanangu nenda kaone nchi, mi nipo.

Dar nimekulia jirani na Kisutu, yale mahekalu ya Wahindu nimepita mbele yake maisha yangu yote, kengele za jioni nazijua, harufu ya udi naijua, na picha ya yule wa bluu mwenye nyoka shingoni naijua pia. Ila nilichowahi kufundishwa ni sentensi moja tu, kwamba Brahma anaumba, Vishnu anatunza, Shiva anaharibu. Basi. Miaka yote nikabaki na hiyo "anaharibu".

Mwenye gesti akatutafutia dereva, mzee wa makamo, kila mtu anamwita anna, yaani kaka mkubwa kwa Kitamil, na mimi nikamwita hivyohivyo. Asubuhi anajipaka mistari mitatu ya majivu kwenye paji la uso, ni mtu wa Shiva kabisa. Nilipomwambia nataka kumjua Shiva akasema kuna mahekalu matano ambako Shiva yupo kama vitu vitano ambavyo dunia imetengenezwa, ardhi, maji, moto, upepo na anga, manne yako hukuhuku Tamil Nadu na moja limevuka kidogo Andhra Pradesh. Tukapatana bei ya gari na mafuta, tukaanza.

SIKU YA 1, MYLAPORE

Tulianza na la karibu ambalo halimo kwenye yale matano, Kapaleeshwarar, palepale mjini. Mnara wa lango wanauita gopuramu, umejaa sanamu za rangi kutoka chini hadi juu, unainua kichwa mpaka shingo inakuuma. Hekalu la mwanzo wanasema lilikuwa upande wa baharini na likavunjwa zama za Wareno, wale wale waliojenga Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1593, nikajikuta naliangalia kama nyumba ya jirani aliyepigwa na mtu aliyetupiga na sisi.

Ndani kuna kisanamu cha tausi jike. Anna akanielezea kwamba huyo ni Parvati, mkewe Shiva, mumewe alikuwa anamfundisha neno takatifu yeye macho yakaenda kwa tausi anayecheza, basi akageuzwa tausi, akaja hapa kuabudu mpaka akarudishiwa umbo lake. Jina Mylapore lenyewe limetoka kwa mayil, tausi.

Lakini kilichonishika siku hiyo hakikuwa hekaluni, kilikuwa kwenye gari. Kwenye dashibodi anna amebandika picha ya Shiva ambayo koo ndo la bluu, mwili mwingine wote mweupe. Nikamuuliza mbona koo tu. Akapunguza mwendo kabisa. Akasema zamani miungu na maasura, yaani mahasimu wao, walitaka maji ya uzima, wakaichukua bahari ya maziwa wakaipekecha, mlima Mandara ndo mpekecho wenyewe na nyoka Vasuki ndo kamba, hawa wanavuta huku na wale wanavuta kule, na kabla ya maji ya uzima kutoka ikatoka sumu, halahala, sumu ya kuua kila chenye pumzi. Wote wakakimbia. Shiva akaichota akainywa. Parvati akawahi akamshika koo kwa mkono ili isishuke tumboni, na Shiva mwenyewe hakuitema, kwasababu angeitema dunia ingeungua. Ikabaki hapohapo kooni, koo likawa bluu. Ndo maana anaitwa Neelakantha, mwenye koo la bluu.

Sikusema kitu mpaka tumefika gesti. Mama yuko wodini na plasta kooni. Usiku nikamtumia voisi hiyo hadithi yote nikiongea taratibu, akanijibu kidole gumba na moyo.

SIKU YA 2, KANCHIPURAM (ARDHI)

Ni mwendo wa kama kilomita 75 tu ila barabara ilivyo na malori ilituchukua asubuhi nzima. Ekambareswarar ni hekalu kubwa, lina ukumbi mrefu wenye nguzo kila upande, ukisimama mwanzoni nguzo zinakuwa ndogo ndogo mpaka zinapotea gizani. Kule ndani kabisa palipo na lingamu anaingia Mhindu peke yake, kuna kibao kinasema hivyo, nikakaa ukumbini bila kinyongo, kila nyumba na utaratibu wake.

Lingamu, kwa ambao hawajawahi kuiona, ni kama nguzo fupi ya jiwe yenye kichwa cha duara, na neno lenyewe kwa Kisanskriti maana yake ni alama. Hawamchongei sura hapo, ni alama ya aliyepo. Ya hapa wanaamini ni ya mchanga. Parvati alikaa chini ya mwembe pembeni ya mto Vegavathi, akakusanya mchanga akaufinyanga lingamu akawa anaiabudu, Shiva akaleta mafuriko amjaribu. Maji yakaja kwa kishindo, yeye hakukimbia, akaikumbatia ile lingamu kifuani, na Shiva akalainika. Wanamwita kwa Kitamil jina linalomaanisha aliyeyeyuka kwa kukumbatiwa. Na kwasababu ni mchanga hawaimwagii maji kama lingamu za kwingine.

Mwembe upo mpaka leo uani, wanasema una miaka 3,500 na matawi yake manne ni Veda nne, yaani vitabu vyao vitakatifu, kila tawi embe lake lina ladha yake. Nilikaa chini ya huo mti saa nzima nikimuwaza mwanamke aliyelalia mchanga usisombwe.

SIKU YA 3, SRIKALAHASTI (UPEPO)

Tuliondoka saa kumi alfajiri, tukavuka mpaka wa jimbo. Mji uko kando ya mto Swarnamukhi. Mnara mkubwa wa hapa ulijengwa mwaka 1516 na mfalme Krishnadevaraya, ukaanguka mwaka 2010, ule ninaouona ni mpya umezinduliwa 2017. Anna akaingia kwenye foleni ndefu ya waumini, akaniambia ndani kuna taa ambayo muali wake unatikisika muda wote ilhali chumba hakina dirisha, ndo Shiva huyo kama pumzi.

Mi nikapanda kilima cha pembeni, kilima cha Kannappa, na hii hadithi naomba muisome polepole. Kannappa alikuwa mwindaji wa porini, hajui kusoma, hajui ibada. Akaikuta lingamu peke yake msituni akaipenda. Akaanza kuiletea nyama ya nguruwe pori, anaionja kwanza kipande kipande kuhakikisha ni kitamu, maji anayabeba mdomoni kwasababu mikono imeshika nyama na upinde, maua anayachomeka kwenye nywele zake. Kuhani akija asubuhi anakuta mifupa na mate anataka kuzimia, anasafisha, kesho tena. Akamlilia Shiva, Shiva akamwambia usingizini, kesho jifiche uangalie.

Kesho yake jicho moja la lingamu likaanza kuchuruzika damu. Kannappa akahangaika na majani ya dawa, wapi, akachukua mshale akalitoa jicho lake mwenyewe akalibandika pale. Damu ikakata. Jicho la pili nalo likaanza. Sasa akaona akitoa na hili atakuwa kipofu hataona pa kuliweka, basi akanyanyua mguu, na kiatu chake cha porini, akauweka juu ya lingamu palepale penye jicho ili kushika alama. Ndo hapo sauti ikamwambia, acha Kannappa, acha.

Mtu anamkanyaga mungu usoni kwa mguu na hiyo ndo inakubaliwa kuwa ibada kubwa kuliko zote. Nilishuka kile kilima miguu haina nguvu. Voisi ya siku hiyo niliirekodi mara tatu maana nilikuwa nakwama pale kwenye mguu.

SIKU YA 4, CHENNAI

Nilirudi kumuona Mama, sauti inatoka kwa mbali kama mtu aliyelala, anakula uji. Jioni nikapita makumbusho ya serikali pale Egmore, wana chumba cha sanamu za shaba za zama za Wachola, wafalme wa Kitamil wa zamani, na humo kuna Nataraja kutoka Tiruvalangadu, yaani Shiva akicheza ngoma. Nilisogea mpaka mlinzi akanikoholea.

Ana mikono minne. Mkono wa kulia wa juu umeshika kingoma kidogo chenye kiuno kama kinu, damaru, mlio wake ndo kuumbwa kwa vitu. Wa kushoto wa juu una moto, ndo mwisho wa vitu. Wa kulia wa chini kiganja kimekutazama, usiogope. Na wa kushoto wa chini umepita mbele ya kifua umelegea kama mkonga wa tembo, vidole vinaonyesha mguu wa kushoto ulionyanyuliwa, maana yake hapa chini ya mguu huu ndo pa kukimbilia. Mguu wa kulia umemkanyaga kijitu kifupi, Muyalakan, huyo ni ujinga. Na hajamuua! Amemkandamiza tu, wanasema ujinga ukifa kabisa hata maarifa hayana maana. Masikioni hereni hazifanani, moja ya kiume moja ya kike. Sanamu kama hizi kwa kawaida zina pete ya miali ya moto imezunguka kote, ulimwengu unaozunguka.

Na sura imetulia. Hiki ndo nilikiangalia muda mrefu zaidi, mwili wote uko kwenye mbio, goti limekunjwa, halafu uso ni wa mtu anayesikiliza. Hizi sanamu zinatengenezwa kwanza kwa nta, zinafunikwa udongo, nta inayeyushwa inatoka, shaba inamiminwa mahali pake, kisha udongo unavunjwa, kwahiyo hakuna mbili zinazolingana. Hata kule Geneva kwenye kituo cha CERN wanakochunguza chembe ndogo kabisa India iliwapa Nataraja wa mita 2 mwaka 2004, na mi nadhani walijua wanachokifanya.

SIKU YA 5 NA 6, TIRUVANNAMALAI (MOTO)

Hapa nitakaa kidogo.

Unauona mlima kabla ya mji. Arunachala, umesimama peke yake kwenye tambarare, mwekundu mwekundu jua likiwa chini. Hadithi ni kwamba Brahma na Vishnu walibishana nani mkubwa, mara ikasimama katikati yao nguzo ya moto isiyo na chini wala juu. Wakakubaliana atakayefika mwisho ndo mkubwa. Vishnu akawa nguruwe akachimba kwenda chini, Brahma akawa bata bukini akaruka kwenda juu. Vishnu alichoka akarudi akasema ukweli, sijaona mwisho. Brahma akiwa njiani akakutana na ua la ketaki linaanguka, akaliomba limshuhudie kwamba amefika kileleni. Ikatokea Shiva mwenyewe ndani ya ule moto. Kwa uongo huo Brahma hana mahekalu ya maana, na ketaki haliwekwi mbele ya Shiva mpaka leo. Na moto ulipoza ukawa mlima huu. Kila mwaka mwezi wa Karthigai, Novemba au Desemba, wanawasha moto mkubwa kileleni.

Tulifika siku ya mwezi mpevu. Watu wanauzunguka mlima pekupeku usiku, kilomita 14, wanaita girivalamu. Tukaanza saa tatu usiku, anna, mimi na maelfu ya watu, vikongwe, watoto mabegani, wasichana wa chuo, lami bado ina joto la mchana, halafu kuna vipande vina kokoto unazisikia moja moja. Njiani kuna lingamu nane, moja kwa kila upande wa dunia, ukifika ya Yama ambaye ni mwenye kifo watu wanasimama kidogo halafu wanaendelea hivohivo kama wamemsalimia jirani.

Mwezi ulikuwa juu yetu anna akanipa hadithi ya mwezi. Chandra alioa mabinti 27 wa Daksha akampenda mmoja tu, Rohini, baba mkwe akamlaani anyauke. Akaanza kukonda usiku kwa usiku. Akamkimbilia Shiva, na Shiva hakuweza kuifuta laana ya mtu ila alimchukua akamweka kwenye nywele zake, akikonda mpaka mwisho anaanza kunenepa tena. Kwahiyo ule mwezi mwembamba kichwani kwa Shiva ni mgonjwa aliyepewa hifadhi. Na mto Ganga nao uko kwenye nywele hizohizo, mfalme Bhagiratha aliuomba ushuke toka mbinguni uoshe majivu ya mababu zake, watu 60,000, ukishuka wenyewe ungeipasua ardhi, Shiva akaupokea kwa kichwa ukapotea humo, akauachia kidogo kidogo.

Kama kilomita ya kumi nikamuuliza majivu ya kwenye paji la uso ni ya nini. Akasema, ndugu yangu, kila kitu kinaungua, majivu yameshaungua, moto hauna la kuyafanya tena. Akatoa kikaratasi mfukoni akanionyesha, laini kama unga wa dawa, yanatokana na kinyesi cha ng'ombe kilichochomwa.

Tukamaliza saa saba usiku. Nyayo zilivimba, siku ya 6 nililala mpaka mchana, jioni tukapita tu kwenye ashramu, yaani makao ya kiroho, ya mtawa Ramana Maharshi, alikuja hapa mwaka 1896 akiwa kijana mdogo akakaa na huu mlima mpaka alipofariki 1950. Pale watu wanakaa kimya, nami nikakaa.

SIKU YA 7, TRICHY (MAJI)

Thiruvanaikaval. Chini ya lingamu kuna chemchemi, maji hayakauki. Na mti wa hapa, nilipoambiwa jina nikacheka kwa furaha, jambu, nikaenda kuuangalia majani, ni mzambarau! Mzambarau huuhuu tuliokuwa tunapanda utotoni tunarudi nyumbani ulimi wa zambarau. Jambukeswarar ni Bwana wa mzambarau.

Buibui alikuwa anaisukia lingamu utando isiangukiwe na majani, na tembo alikuwa anakuja kuiosha kwa maji ya mkonga, anauona utando ni uchafu anaubomoa. Kila siku hivyo, wote wawili wanampenda mtu mmoja na hawaelewani. Buibui akamwingia tembo mkongani, wakafa wote. Buibui akazaliwa upya akawa mfalme wa Wachola, na mahekalu aliyoyajenga mlango wa ndani ni mdogo tembo hapiti.

Saa sita mchana nikaona jambo ambalo sitalisahau. Kuhani, mwanaume mzima, anatoka kwenye chumba cha mungu mke Akilandeswari, ndo jina la Parvati hapa, amevaa sari na taji kichwani, ngoma na zumari mbele, anatembea kwenda kwa Shiva, kwasababu saa hiyo yeye ndo Parvati anayekwenda kumwabudu mumewe. Alipita hatua mbili kutoka niliposimama. Jasho linamtoka shingoni linashuka kwenye ile sari, macho hayaangalii mtu, na wanawake pembeni yangu walimwinamia kama wanavyomwinamia mama.

SIKU YA 8, CHIDAMBARAM (ANGA)

Hapa wanaume tunavua shati. Paa la chumba cha Nataraja ni la dhahabu, vigae 21,600, idadi ya pumzi mtu anazovuta kwa siku, misumari 72,000, mishipa ya mwili. Nilipiga hesabu kwenye simu, pumzi 15 kwa dakika, inafika kweli. Hekalu ni mwili wa mtu na anayecheza yumo moyoni.

Na pembeni yake kuna pazia. Kuhani, hawa ukoo wao wanaitwa Dikshitar, analivuta, watu wote wanasukumana kuona, na nyuma yake hakuna kitu. Ukuta na vijani vya dhahabu vya mti wa bilva vimening'inia kwenye shanga, basi, vimening'inia kama vile mtu amevivaa. Wanaiita siri ya Chidambaram. Nimetoka kwenye mchanga, taa, mlima, maji, nikafika kwenye nafasi tupu iliyovishwa mkufu. Bibi mmoja mbele yangu alikuwa analia kwa sauti, na mi machozi yalinitoka.

SIKU YA 9

Pichavaram, kilomita chache tu kutoka Chidambaram, msitu wa mikoko. Chidambaram yenyewe zamani iliitwa Thillai, ambalo ni jina la aina ya mkoko, yaani Shiva alicheza mikokoni, kwenye harufu ileile ya tope ya Rufiji. Tulikodi mtumbwi saa moja halafu safari ndefu ya kurudi Chennai, nikalala njia nzima.

SIKU YA 10

Majibu yametoka, ni salama, hakuna kansa. Mama mdogo alipiga magoti palepale ofisini kwa daktari.

Jioni nikakaa na Mama kitandani. Voisi zote kazisikiliza, nyingine kazirudia, anazo hata za Kannappa ambapo sauti inakatika. Sauti yake bado ndogo, inabidi usogeze sikio. Akagusa plasta akaniuliza, yule mkewe Shiva, aliyemshika koo.

Nikasema, Parvati.

Ehe. Alimwachia saa ngapi?

Nikampigia anna kumuuliza. Akakaa kimya kwenye simu, nasikia honi za barabarani, halafu akasema yeye tangu mdogo hajawahi kusikia mahali hadithi inasema amemwachia.